Mwongozaji asiyeweza kusema "hapana" hana kazi

Kila mwaka watalii kutoka pembe zote za dunia wanafika Page, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Arizona, huko Marekani, ili kuingia ndani ya ufa wa jiwe. Kuta zake za rangi ya chungwa na nyekundu zinapanda kufikia karibu mita 40. Kuna sehemu ambapo mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Juu, mbingu inaonekana kama kamba nyembamba. Wageni wanalipa dola nyingi kwa muda mfupi, tena si kwa uhuru wao: wanatembea kwa kikundi, nyuma ya mwongozaji, na yeye akisema tunatoka, wanatoka.

Wengi wanarudi na furaha. Wengine wanarudi wakinung'unika: mtu mzima mwenye miguu na macho, kwa nini asiachwe aingie peke yake? Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liligharimu maisha ya watu 11. Ni jibu linalowahusu hata wakaaji wa Kivu ambao hawatafika Arizona hata siku moja.

Mahali penyewe dunia inapaita Antelope Canyon, jina lililotokana na swala waliokuwa wakilisha pale zamani. Lakini pako kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa nchi hiyo, na wao wana jina lao. Sehemu ya juu wanaiita Tsé bighánílíní, maana yake mahali ambapo maji yanapita ndani ya mawe. Jina la kitalii linaongea juu ya nyama wa porini; jina la wenyeji linaongea juu ya maji. Mwenye kusikia jina la pili ameshapata onyo la kwanza.

Maana maji ndiyo yaliyotengeneza uzuri huo wote. Jiwe la pale ni mchanga ulioshikamana kwa mamilioni ya miaka. Mvua kubwa ikinyesha kwenye jangwa, udongo mkavu haunywi maji haraka. Yanakimbia juu ya ardhi, yanakusanyika kwenye vijito vikavu, kisha yanajisukuma ndani ya ufa yakibeba mchanga, mawe na magogo. Mchanga huo unasugua kuta kama msasa. Kila mkunjo ambao mtalii anaupiga picha ni alama ya mafuriko yaliyopita, na kazi hiyo haijaisha. Miezi ya saba, ya nane na ya tisa ni msimu wa mvua za radi huko, na ndiyo pia miezi ambayo watu wa Ulaya na Marekani wako likizoni.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1997, watalii walikuwa ndani ya sehemu ya chini ya korongo hilo. Juu yao mvua ilikuwa kidogo sana. Dhoruba ilikuwa imepiga upande wa juu wa bonde, mbali kwa zaidi ya kilomita 10. Maji yalishuka kwa ghafla kama ukuta. Wakati huo watu walishuka na kupanda kwa ngazi za mbao, nazo zikabebwa. Watu 11 walikufa: Wafaransa 7, Wamarekani 2, Mwingereza 1 na Mswidi 1. Mtu mmoja tu kati ya waliokumbwa na maji ndiye aliyetoka mzima, na alikuwa kiongozi wa kikundi cha watalii.

Jambo hilo la mwisho lisipitwe haraka. Kikundi kimoja kilikuwa na kiongozi. Kwa hiyo anayesema kwamba kuwa na mwongozaji kunatosha hajasoma habari yote. Kiongozi aliye ndani ya shimo hana macho ya kuona mlima ulio kilomita 10 nyuma yake. Anaweza kuwa hodari, anaweza kupenda wageni wake, na bado maji yakamkuta hajui lolote.

Kilichobadilika baada ya 1997 ni mpango mzima ulio nyuma ya mwongozaji. Taifa la Navajo, ambalo lina serikali yake, sheria zake na idara yake ya hifadhi, liliamua kwamba hakuna mgeni anayeingia bila mwongozaji wa kampuni iliyopewa ruhusa. Ngazi za mbao zilibadilishwa kwa ngazi za chuma zilizofungwa kwenye jiwe. Nyavu za kupandia ziliwekwa, zishushwe wakati wa hatari. Waongozaji wanafuata redio ya hali ya hewa, na honi ya tahadhari ipo. Hali ya juu ya bonde ikiwa mbaya, safari inasimama hata kama jua linawaka pale mlangoni. Mwezi wa kumi 2006 mafuriko makubwa yalipita tena, na sehemu ya chini ikafungwa miezi mitano.

Hiyo ndiyo thamani ya safari ya kikundi kidogo chenye mwongozaji. Majina ya mawe mtu anaweza kuyasoma kwenye simu. Kupiga picha vizuri anaweza kujifunza. Anachonunua kwa dola zake ni mtu mwenye habari kutoka juu na mwenye mamlaka ya kusema: leo hatuingii. Idadi ndogo nayo ina sababu, maana watu kumi wanaweza kuhesabiwa na kutolewa kwa dakika chache; watu mia wakikimbilia ngazi moja wataumizana kabla maji hayajafika.

Mfano wa upande wa pili upo, tena si mbali na pale. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2015, watu saba waliingia kwenye korongo jembamba liitwalo Keyhole, katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah. Walikuwa na kibali cha siku hiyo. Walikuwa wameambiwa kwamba mafuriko yanaweza kutokea. Lakini utaratibu wa pale uliacha uamuzi mikononi mwa wageni wenyewe. Walikuwa wamesafiri mbali na walikuwa wamejiandaa. Maji yaliwaua wote saba. Habari walikuwa nayo. Aliyekosekana ni mtu mwenye haki ya kuwazuia.

Kusema hapana ni rahisi kwa asiyehitaji pesa. Wanavajo wanazihitaji. Mwaka 2019, kiwanda kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa karibu na Page kilifungwa, na mamia ya kazi zikapotea, nyingi zikiwa za Wanavajo. Utalii ukabaki moja ya njia chache za kulisha familia. Miezi michache baadaye korona ikaingia. Mwezi wa tano 2020, Taifa la Navajo lilipita hata New York kwa kiwango cha maambukizi kulingana na idadi ya watu. Viongozi wake walikuwa wameshafunga hifadhi zao tangu mwezi wa tatu. Antelope Canyon haikufunguliwa hadi mwezi wa saba 2021. Zaidi ya mwaka mzima mlango wa pesa ulifungwa na wenye njaa wenyewe, kwa ajili ya wazee wao.

Je, mpango huo hauna kasoro? Unazo. Bei inawashinda watu wengi. Katika msimu wa wageni, vikundi vidogo vinafuatana kwa karibu sana, kimoja nyuma ya kingine, hadi udogo wenyewe unapoteza maana. Picha zimezidisha haraka hiyo. Mwaka 2014, mpiga picha Mwaustralia Peter Lik alitangaza kwamba picha aliyoipiga mle ndani imeuzwa dola milioni 6.5. Picha za namna hiyo hazionyeshi foleni wala ngazi ya dharura. Kila tikiti inayoongezwa kwa saa ni uzito juu ya ulimi wa yule anayepaswa kusema hapana, na wenye kusimamia mahali hapo wasisahau kilichowafundisha mwaka 1997.

Wakaaji wa Kalehe wanaelewa habari hii kuliko msomaji wa Paris. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, mvua ilinyesha milimani na mito ikashuka na udongo na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kule Arizona maji yaliwakuta watalii. Hapa yaliwakuta mama wauzaji na watoto wao. Jambo ni lile lile: hatari ilianzia juu, na chini hapakuwa na sauti ya kuwaambia watu waondoke kwa wakati.

Na wasafiri wa Ziwa Kivu wanajua pia. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kwa macho kutoka ufukweni. Sheria za kukataza kujaza boti zipo. Lakini mtu anayehesabu abiria bandarini anafanya kazi gani, kama hawezi kusimamisha boti ambayo nauli zake zimeshalipwa?

Si kwamba Kongo haijawahi kusema hapana. Mwezi wa tano 2018, baada ya mlinzi mmoja wa hifadhi ya Virunga kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa kisha kuachiliwa, hifadhi ilisimamisha utalii wote hadi mwezi wa pili 2019. Pesa za sokwe na za volkano zilikauka kwa miezi tisa. Wengine walilalamika. Lakini hifadhi inayofunga mlango siku mbaya ndiyo ambayo mgeni anaweza kuiamini siku inapoufungua.

Kwa hiyo siku ambayo amani itarudi vizuri na vijana wa Kivu wataanza tena kupeleka wageni milimani, kwenye maporomoko na ziwani, wasiige Wanavajo kwa picha tu. Waige sheria yao. Mwongozaji alipwe hata siku ambayo safari imesimamishwa, maana anayekula tu wageni wakiingia ana tumbo linalomlazimisha kusema ndiyo. Mgeni arudishiwe pesa yake bila kelele, ili naye asimsukume mwongozaji. Na awepo mtu upande wa juu, mwenye simu na salio, anayeangalia mvua.

Mgeni naye ana kazi yake. Kabla ya kulipa, aulize mambo matatu: nani anaangalia hali ya hewa leo, tutatoka kwa njia gani maji yakija, na nani mwenye neno la mwisho. Akijibiwa kwamba mteja ndiye mfalme, arudishe pesa mfukoni na aende zake. Maji yanayoshuka kutoka mlimani hayajui mfalme.