Maumivu na Matarajio: Neno la Tabibu ni Sehemu ya Tiba

Watu wengi hudhani kwamba maumivu ni kipimo cha jeraha: jeraha likiwa kubwa, maumivu ni makubwa, likiwa dogo, maumivu ni madogo. Dhana hii huzaa nyingine yenye madhara zaidi, yaani kwamba mtu asiye na jeraha linaloonekana hana maumivu, bali anasingizia. Sayansi imezikanusha dhana zote mbili, na yafaa jambo hili lifundishwe shuleni pamoja na somo la mishipa ya fahamu.

Mwaka 2011 Ulrike Bingel na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa Oxford, nchini Uingereza. Watu 22 wenye afya njema waliunguzwa kidogo mguuni kwa joto lisilodhuru, wakatakiwa kukadiria maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 100. Kabla ya dawa, wastani ulikuwa 66. Kisha, pasipo wao kujua, wakaanza kutiwa mshipani dawa kali ya kutuliza maumivu iitwayo remifentanili. Wastani ukashuka hadi 55. Baadaye wakaambiwa kwamba dawa ndiyo kwanza inaanza kutiwa. Kiasi cha dawa hakikubadilika, lakini wastani ukashuka hadi 39. Mwishowe wakaambiwa kwamba dawa imesimamishwa. Kwa kweli ilikuwa ikiendelea kuingia mwilini vilevile, ila wastani ukapanda hadi 64, karibu sawa na pale ambapo hapakuwa na dawa kabisa.

Je, watu hao walijidanganya? Sivyo. Picha za ubongo zilizopigwa wakati wa jaribio zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na maumivu nazo zilibadilika. Ubongo haupokei tu habari kutoka kwenye ngozi. Huzipima kwa kulinganisha na kile unachokitarajia, kisha hupeleka amri katika uti wa mgongo za kuzizuia au kuziachia zipite. Mwili una hata dawa zake wenyewe za jamii ya mofini. Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields, huko San Francisco, Marekani, waliwachunguza watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walipata nafuu kwa kupewa kitu kisicho na dawa yoyote, huku wakidhani huenda ni dawa. Walipopewa naloksoni, ambayo huzuia kazi ya mofini, maumivu yao yaliongezeka.

Wapo watakaosema: ikiwa ndivyo, daktari na amdanganye mgonjwa. Hoja hiyo haisimami. Kwanza, matarajio hayaui vijidudu vya malaria wala hayaungi mfupa uliovunjika. Pili, uongo ukigunduliwa imani huvunjika, na jaribio la Oxford limeonyesha kwamba mgonjwa asiyetarajia nafuu aweza kuikosa hata akiwa na dawa halisi mwilini.

Kinachotakiwa ni ukweli unaosemwa vizuri. Muuguzi anayesema, "Hii itauma sana," huku akishika sindano, ameanza kuumiza kabla ya kuchoma. Anayesema, "Utahisi mchomo kwa muda mfupi, kisha utapita," hakudanganya, na amepunguza mzigo. Vivyo hivyo, mgonjwa anayepewa vidonge bila kuelezwa kazi yake amenyimwa sehemu ya tiba ambayo haina gharama yoyote.

Funzo hili lawahusu walimu pia. Mwanafunzi wa kike anayeshikwa na maumivu ya hedhi, au yule anayeumwa kichwa kila ufikapo mtihani, asiambiwe kwamba ni mvivu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kusema kwamba matarajio huongeza maumivu si kusema kwamba maumivu hayapo; ni kusema kwamba ubongo nao ni kiungo cha mwili, nao hustahili kutibiwa kwa uangalifu uleule.