Kuhama Siyo Kuanza Upya

Jamani, tuache kudanganyana. Juzi nimeitazama kwa mara ya pili The Burial of Kojo, filamu ya Mghana Blitz Bazawule ya mwaka 2018. Jirani yangu hapa Mabatini, tuliyekuwa tunaangalia naye, akanuna: "Sasa mbona hawajapatana?" Swali hilo ndilo ugonjwa wetu.

Filamu zetu zimetuzoesha msamaha wa dakika kumi za mwisho. Mtu kadhulumu, kavunja nyumba ya watu, hata kaua. Anapiga magoti, machozi yanamtoka, muziki unapanda, kwisha habari. Aliyekosewa haulizwi. Kazi yake ni kumwinua mkosaji sakafuni.

Bazawule kakataa mchezo huo. Kojo alisababisha ajali iliyomuua bibi harusi wa ndugu yake, Kwabena. Akakimbia, akapata mke na binti, Esi, katika kijiji kilichojengwa juu ya maji. Maisha mapya, si ndiyo? Mpaka Kwabena anapomfuata, anamrudisha mjini kutafuta dhahabu, kisha anamwacha kwenye shimo la mgodi afe. Mzigo unamwangukia mtoto: Esi ndiye anayehangaika kumtafuta baba yake.

Halafu useme hayo ni mambo ya Waghana! Huku kwetu, mtu akiharibu mjini anavuka kwenda visiwani, au anapotelea machimboni Geita. Anapata kazi, anapata mke, tunasema kaanza upya. Upya gani? Aliyemkosea yuko palepale Mwanza, anapita njia ileile kila siku.

Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alilijua hili tangu 1971. Rosa Mistika anajaribu kujirekebisha, yaliyopita yanamfuata mpaka anajiua, na kitabu kinaishia kwenye kesi mbele ya Mungu. Hakuna anayekumbatiwa akaambiwa yameisha.

Kuna atakayeniambia kusamehe ni uungwana. Sawa, na kisasi cha Kwabena sikitetei hata kidogo. Lakini msamaha ni mali ya aliyekosewa. Mwandishi hana ruhusa ya kuugawa kwa niaba yake ili sisi watazamaji tukalale vizuri.

Basi, ndugu zangu mnaoandika filamu, siku moja mpandisheni huyo mtu boti kutoka visiwani, arudi, abishe hodi. Mlango usifunguliwe. Akae hapo nje tumwone anafanya nini. Hiyo nitailipia kiingilio mara mbili.