Udugu wa Waislamu haujamfungia jirani mlango

Kuna maneno yanayorudiwa siku hizi katika mabasi ya Soni, kwetu Usambara, na hata baada ya ibada: ndugu wa Mwislamu ni Mwislamu mwenzake, na urafiki wake na Mkristo ni wa mdomoni tu. Wanaoyasema hushika aya ya 51 ya sura ya al-Maida, inayowakataza waumini kuwafanya Mayahudi na Wakristo wandani wao, kisha hufunga kitabu. Mimi ni Mlutheri wa Usambara, na nasema maneno hayo si kweli.

Wangerudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo, wangekutana na aya ya 5, inayomhalalishia Mwislamu chakula cha watu wa Kitabu na kumruhusu kuoa binti zao. Mtu atalalaje nyumba moja, ale sahani moja na mke aliyekatazwa kumpenda? Na sura ya 60, aya ya 8, inasema Mungu hawakatazi waumini kuwatendea wema na haki wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini.

Lakini kosa kubwa liko kwingine. Watu wanadhani mapenzi ya Waislamu wao kwa wao ni akiba inayopungua: wakipeana wenyewe, jirani hakuna atakachobakiziwa. Tazama udugu huo unavyofundishwa. Mwislamu ana haki kwa mwenzake: ajibiwe salamu, atembelewe akiugua, jeneza lake lisindikizwe, mwaliko wake uitikiwe, aombewe rehema akipiga chafya. Hayo ni mazoezi ya kila siku, na aliyeyazoea hageuki mtu mwingine akifika kwenye ua wa Mkristo. Mtume mwenyewe alimtembelea kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia alipougua, na jeneza la Myahudi lilipopita, alisimama.

Hapa kwetu mambo hayo hayahitaji darasa. Mmisionari Krapf alipopokewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai kule Vugha mwaka 1848, koo za Wasambaa zilikuwepo tayari. Uislamu ulipanda milima kutoka pwani pamoja na biashara. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Dini zilikuta ukoo, na leo jina moja la ukoo linaloanza na She- linaitwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Kwenye misiba yetu, wanaoshika majembe kuchimba kaburi kwenye mteremko mgumu mara nyingi ni vijana waliotoka kuswali. Na anayefika wa kwanza kwa Mkristo aliyefiwa, nimeona tangu utotoni, ni yuleyule asiyekosa hitma wala maulidi ya wenzake.

Wapo, ndiyo, wanaohubiri kujitenga, na mwaka 2012 makanisa yalichomwa Mbagala, Dar es Salaam. Sitaki kulifunika hilo. Lakini wasikilize vizuri wahubiri wa namna hiyo. Kabla ya kumfikia Mkristo, wamekwisha kuwakana Waislamu wenzao: huyu mzushi kwa sababu ya maulidi, yule si Mwislamu kamili, msiswali nyuma ya fulani. Kukosoa maulidi ni haki ya mtu, na wengi wanaoyakosoa ni majirani wema kabisa. Nawasema wanaokata salamu. Hao wameanza kwa kuvunja udugu wao wenyewe, nasi tunauhukumu udugu huo kwa matendo yao.

Wakristo wengine hulalamika pia kwamba kumwita Mwislamu achinje kwenye harusi yetu ni kujishusha. Mwaka 2013 ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu Geita. Hapa milimani anayemwita mchinjaji ni mwenye karamu mwenyewe, kwa sababu anataka shangazi yake, mjomba wake na jirani yake walio Waislamu nao wale. Sherehe ambayo nusu ya ukoo inakaa mbali na sufuria ina faida gani?

Basi maswali tujiulize sisi. Sinia la pilau linapoletwa siku ya Idi, je, tunaliosha na kulirudisha tupu? Kikundi cha mazishi cha usharika kinapoandika wanachama, kwa nini jirani Mwislamu, aliyekwisha kutuchimbia makaburi, hana mstari kwenye daftari? Wachungaji na wazee wa kanisa wanaweza kulijadili hilo kwenye kikao kijacho cha baraza la wazee, na jina la kwanza kuandikwa liwe la mtu ambaye mtaa mzima unajua amekuja misibani kwetu bila kuitwa.