Ubao wa kazi jikoni

Baba mmoja alinunua ubao mzuri wa mvule kwa fedha alizoweka akiba miezi mingi, ili mke wake apate mahali pa kukatia sombe na kukandia unga. Kiangazi kilipofika, ubao ukapasuka katikati. Mti haukuwa mbaya, bali ulikuwa mbichi.

Ninyi akina baba, kabla ya kulipa, mwulizeni seremala ubao ulipasuliwa lini. Kwa desturi ya mafundi, ubao uliotunzwa kivulini wahitaji kama mwaka 1 kwa kila sentimeta 2 na nusu za unene wake. Haraka haraka haina baraka. Tena hata ubao mkavu hutanuka upana wakati wa mvua, na kusinyaa wakati wa kiangazi. Lakini urefu wake haubadiliki sana. Kwa sababu hiyo usipigiliwe misumari pande zote. Ufungwe kwa skrubu, na matundu yake yawe marefu kidogo, ili mti upate nafasi ya kusogea.

Kisha upakwe mafuta. Wengi hutumia mawese, kwa kuwa yapo karibu. Hilo ni kosa: mawese hayakauki juu ya mti, nayo huchacha na kunuka. Yafaa mafuta ya kitani yasiyochanganywa na dawa za rangi. Pakeni kidogo kidogo mara tatu, mkifuta yanayobaki, wala msisahau ncha za ubao, maana ndipo maji huingia zaidi. Lakini angalieni sana: kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni, chaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandazeni nje mpaka kikauke, au kitieni ndani ya maji.

Nanyi akina mama, nyama mbichi na samaki vikatiwe ubao mwingine mdogo, uoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kigae. Maji yakimwagika, yafutwe mara moja. Ubao ukianza kuwa mkavu na kupauka, upigeni msasa kidogo kufuata nyuzi za mti, mkaupake mafuta tena.

Ubao uliochaguliwa kwa subira na kutunzwa hivyo, binti zenu nao wataukandia unga.