Askari ni wa Nani?



Ndugu wazazi na wanafunzi, sisi wa Kanombe tumezoea sare za jeshi. Kambi iko hapa, hospitali ya jeshi iko hapa, uwanja wa ndege uko hapa. Baadhi ya watoto wetu wanasema wakikua watakuwa askari. Hatuwakatazi, lakini tunapenda kwanza wajue jibu la swali moja: askari ni wa nani?

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Miaka 11 baadaye, tarehe 5 Julai 1973, Meja Jenerali Juvénal Habyarimana alimpindua Rais Grégoire Kayibanda, akisema ameleta amani na umoja. Mwaka 1975 akaunda chama cha MRND, na katiba ya 1978 ikakifanya chama pekee. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1991, lakini bunduki zilibaki mikononi mwa wale wale.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 ulitaka jeshi moja: askari asilimia 60 kutoka serikalini na 40 kutoka RPF, na maofisa nusu kwa nusu. Hapo ndipo palipokuwa na fundo, kwani wakubwa waliokuwa wakila kwa bunduki waliona wananyang'anywa sahani. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya rais ilitunguliwa ikikaribia kutua, ikaanguka kwenye makazi yake hapa hapa Kanombe. Kesho yake askari wa ulinzi wa rais walimwua Waziri Mkuu, Bi Agathe Uwilingiyimana, ambaye kisheria ndiye aliyepaswa kuongoza. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaendelea kwa siku 100. Wale askari walikuwa wamefundishwa kumlinda mtu, si sheria.

Majirani zetu nao walionja. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Waingereza. Alilivunja jeshi lile na kuunda jipya, JWTZ, Septemba mwaka huo huo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wanajeshi walitakiwa kutokuwa wanachama wa chama chochote.

Hapa kwetu, baada ya 1994, askari wengi wa jeshi la zamani walipokewa katika jeshi jipya. Mmoja wao, Jenerali Marcel Gatsinzi, akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 2002. Hilo ni jambo kubwa na tunalisifu. Lakini tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Tangu uhuru, Rwanda haijawahi kuona rais akishindwa kwa kura na kumkabidhi mwenzake nchi. Mtihani wa jeshi ni siku hiyo.

Na askari wa siku hiyo ndio hawa watoto wanaokula mezani kwetu. Basi tuwafundishe mapema kwamba kiapo ni amana, kwamba mshahara wao unatoka kwa wananchi wote, na kwamba amri ya kumwua asiye na hatia haina utii. Asiyefunzwa hayo nyumbani, kambini atachelewa.