Anayekariri Ukurasa Bado Hajasoma



Neno la kwanza la Wahyi aliloteremshiwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma. Sira inatueleza pia kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika na wasio na fidia walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Umma wenye historia hiyo haupaswi kuridhika na mtoto anayetaja ukurasa mzima kwa ghibu huku hazitambui herufi zake.

Hapa Sekenke jambo hili linatuhusu sana. Wengi wa watoto wetu huanza kusema kwa Kinyiramba au Kisukuma, kisha shuleni hufundishwa kusoma kwa Kiswahili na madrasa hufundishwa herufi za Kiarabu. Wamejaaliwa kumbukumbu kali. Wakisikia mara mbili wameshika. Mzazi aliyerejea jioni kutoka shamba la alizeti au machimboni humsikia mwanawe akitiririka, naye humshukuru Mola. Lakini tumjaribu: tufunike picha, tumwonyeshe neno moja la katikati ya mstari. Akilazimika kurudi mwanzo wa ukurasa ili alifikie, huyo amekariri.

Hasara yake huonekana baadaye. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza mwaka 2015 ulitilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Kuanzia Darasa la Tatu mtoto hutarajiwa kusoma ili ajifunze masomo mengine. Asiyejua atanyamaza darasani, na ukimya huo wengi huuita ujinga.

Dawa yake tunayo madrasa. Mwalimu haanzi na sura. Huanza na herufi, kisha huitia irabu: ba, bi, bu. Kiswahili nacho hufuata njia iyo hiyo, tena kwa wepesi, kwa kuwa irabu zake ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja hubaki na sauti yake katika kila neno.

Basi tuanze na masikio kabla ya macho. Tumpigishe mtoto makofi kwa kila silabi: a-li-ze-ti, makofi manne; m-tu, makofi mawili. Tumuulize ni neno gani jingine linaloanza kama “mama”. Mchezo huu hauhitaji kitabu, na hata mzazi asiyejua kusoma anauweza.

Kisha tumpe herufi kwa sauti yake. Herufi m tusiiite “em”. Afumbe midomo atoe mlio wake, aunganishe na irabu apate ma, me, mi, mo, mu, kisha ajenge mwenyewe “mama” na “mimi”. Aichore mchangani au aipange kwa mbegu za alizeti juu ya ungo. Akizoea, ndipo aingie katika sh, ch, ny, na tofauti ya “ngoma” na “ng'ombe”.

Tuwe wapole katika r na l. Hata jina la kabila hapa wengine huandika Nyiramba, wengine Nilamba. Anayesoma “kura” kama “kula” pengine ameitambua herufi vizuri, ila ulimi umefuata lugha ya nyumbani. Tumsomeshe maneno hayo mawili sambamba bila kumcheka. Vilevile, kwa kuwa Kiarabu huanzia kulia na Kiswahili kushoto, aweke kidole mahali pa kuanzia kabla ya kufungua kinywa.

Tunawanasihi wazazi watenge dakika kumi kati ya Magharibi na Isha, kila siku, bila fimbo. Tunawaomba pia walimu wa madrasa na wa shule waulizane kuhusu mtoto mmoja mmoja, kwani anayesomeshwa na pande zote mbili ni yuleyule.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi subira ya kuwafundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.