Mtegemea cha Nduguye
Wenzangu wananicheka: tovuti ya nini siku hizi, si ufungue tu ukurasa Facebook? Jamani! Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa za mamilioni ya watu zikatoweka. Mwaka 2019 Myspace nayo ikakiri kupoteza nyimbo, picha na video za miaka mingi. Aliyepona ni aliyeweka nakala yake.

Tovuti yangu inakaa sebuleni, kwenye Raspberry Pi, faili za HTML tupu. Stima ikipotea inalala, ikirudi inaamka. Nakala moja iko kwenye flashi, nyingine kwa dada yangu. Sura yake ni ya kizamani, sawa, lakini faili ni zangu.

Wewe je, zako ziko kwa nani? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.